ACHENI NAFASI KATIKA DUARA



Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake wote.

Ndugu yangu msomaji, maneno haya niliyasema mbele ya vijana Jumapili moja ya Ramadhan, baada ya swala ya Alasiri, watu wamechoka na saumu na mimi mwenyewe koo limekauka. Ndugu wa jarida wakaniomba niyaandike. Nimeyaandika karibu kama nilivyoyasema, ila pale nilipopotea njia nimepanyoosha kidogo. Basi soma kana kwamba tumekaa pamoja mkekani.

Nianze na jambo unalolijua. Usiku wa kwanza wa tarawehe hupati hata pa kuweka viatu. Safu zimetoka nje ya msikiti, zimefika kwenye vibaraza vya majirani. Alasiri yake darsa ya tafsiri imejaa: wazee wameegemea nguzo, vijana wamekaa katikati, kina mama wako upande wao wanasikiliza kwa spika. Huu ni mtindo wa zamani katika miji yetu ya pwani, na namwomba Mwenyezi Mungu asituondolee. Kisha Idd inapita. Hebu enda msikiti ule ule wiki ya pili ya mfungo mosi, swala ya Alfajiri. Utamkuta imamu, mwadhini, wazee wanne, na msafiri mmoja aliyeshuka kwenye basi la usiku.

Kila mwaka twawagombeza vijana kwa jambo hili. Mimi pia nimewagombeza, tena kwenye mimbari. Lakini siku hizi nafikiri tunawaonea kidogo. Ndani ya Ramadhan mtu anaalikwa na mji mzima. Adhana inamwita, harufu ya sambusa inamwita, jirani anamgongea dirisha wakati wa daku. Baada ya Idd hakuna anayemwita. Darsa ile kubwa ya watu mia tatu, asipokuja, nani atajua? Sheikh hamjui jina. Aliyekaa kulia kwake hamjui jina. Alikuja kama tone la mvua na ameondoka kama tone la mvua.

Ndiyo maana leo sitaki kuzungumza juu ya darsa kubwa. Nataka kuzungumza juu ya duara dogo, halaqa, watu watano au sita waliokaa magoti karibu na magoti, wakasoma kidogo, kila wiki, mwaka mzima. Na katika hilo duara nina jambo moja hasa nalitaka kwako, utaliona.

Kuna hadithi imepokewa na Bukhari na Muslim. Mtume (S.A.W.) alikuwa amekaa msikitini na watu, wakatokea watu watatu. Mmoja akageuka, akaenda zake. Wawili wakasogea. Mmoja kati ya hao wawili akaona nafasi katika duara, akaingia akakaa. Wa pili akakaa nyuma ya watu. Mtume alipomaliza akawaeleza masahaba hali ya wale watatu: wa kwanza alitaka hifadhi kwa Mwenyezi Mungu, naye akamhifadhi, wa pili aliona haya, na Mwenyezi Mungu akamstahi, wa tatu alipeana mgongo, naye akaachwa na mgongo wake.

Nimeisikia hadithi hii mara nyingi, na kila mara msemaji humshika yule wa tatu, amchape. Sawa. Lakini mimi nakuomba uangalie duara lenyewe. Yule wa kwanza *aliona nafasi*. Maana yake ilikuwepo nafasi ya kuonekana. Wale waliokaa hawakubanana mpaka wakaziba. Na yule wa pili hakuwa na chuki wala uvivu. Aliona haya tu. Katika mji wetu, ndugu yangu, hao wa pili ndio wengi. Wako nyuma ya duara, karibu na mlango, wanangoja mtu asogee.

Nitakueleza yaliyonipata mimi, na sikuelezi ili unihurumie.

Nilipokuwa kijana tulianzisha duara sisi wanane. Tulikuwa tukikutana kila wiki baina ya Magharibi na Isha, nyumbani kwa mmoja wetu, kwenye ukumbi wa mbele. Tulichagua Suratul Hujurat, na mimi kwa kuwa nilikuwa nimesoma madrasa miaka mingi kuliko wengine, nikafanywa kiongozi. Wiki ya tatu akaja kijana mmoja ambaye hakuwa wa kundi letu. Alikuwa makanga wa matatu. Alikuja na shati lake la kazi, akakaa nyuma, karibu na mlango. Tulimkaribisha kwa mdomo, lakini hakuna aliyesogea.

Zamu ya kusoma ikamfikia. Alijua sura fupi fupi kwa moyo, kama wengi wetu, lakini kusoma kwenye msahafu kulikuwa kumemshinda, madrasa aliiacha akiwa mdogo akaenda kutafuta riziki. Akaanza, akakwama. Nikamsahihisha. Akarudia, akakwama tena. Mara ya tatu mtu mmoja akacheka kwa pua. Na mimi, kiongozi, badala ya kumkemea yule, nikasema: "Pole pole ndugu, hapa hatuiti abiria." Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Yeye pia akacheka. Akakaa mpaka mwisho, akatupa mikono sote, akaenda zake.

Wiki ya pili hakuja. Hakuna aliyeuliza. Wiki ya tatu hakuja. Tukawa tumefika aya ya 11 ya sura ile ile, na wewe unaijua: ndiyo aya inayowakataza watu kuwadharau watu wengine, kwani huenda hao wanaodharauliwa ni bora kuliko wao. Nikaifasiri vizuri sana wallahi. Nikatoa mifano ya majirani. Katikati ya maneno yangu macho yakanienda mlangoni, pale palipokuwa na shati la makanga.

Na hadithi ya msomaji wa Qurani nilikuwa nimeihifadhi, kwamba aliye hodari yuko pamoja na malaika watukufu, na yule anayesoma kwa kubabaika huku ikimuwia uzito ana malipo mawili. Nilikuwa nimeihifadhi kwa Kiarabu, pamoja na majina ya wapokezi. Mtu wa malipo mawili alikuja nyumbani mwetu nikamfukuza kwa mzaha.

Miaka ikapita. Siku moja nikakutana naye kwenye feri ya Likoni, sote tumesimama katika msongamano. Yeye ndiye aliyenitambua. "Maalim!" Nikamshika mkono, nikamwambia ndugu yangu nina deni lako, nikamtaka radhi. Akasema, "Ah, Maalim, hayo si yalishapita." Kisha akaniuliza: "Mliendelea mkafika wapi?" Nikanyamaza. Duara letu lilikuwa limekufa miezi mitatu tu baada ya yeye kuondoka. Nikamwambia ukweli. Akashangaa. "Mimi nikidhani mko mbele sana," akasema.

Feri ikafika, kila mtu akaenda na njia yake. Tangu siku ile nimeyafikiria sana maduara: kwa nini mengine huishi na mengine hufa. Haya ninayokupa sasa ni niliyoyaona kwa macho na niliyoyasoma kwa waliotutangulia.

Waliotutangulia walianza hivi hivi. Kabla Uislamu haujawa na msikiti mkubwa hata mmoja, kulikuwa na nyumba ya Al-Arqam bin Abil-Arqam pale Makka, karibu na kilima cha Safa, ambamo Mtume (S.A.W.) aliwasomesha watu wachache. Madina kulikuwa na Ahlu Suffa, mafukara walioishi kwenye kivuli cha msikiti, hawana nyumba wala mali, na kazi yao ikawa ni kusoma.

Na kwetu vile vile. Habib Swaleh alitoka Ngazija akakaa Lamu katika karne ya 19, akawasomesha watu ambao wakubwa wa mji wakati ule hawakuona kama elimu ni haki yao, watumwa na watoto wa watumwa na wageni maskini. Kutoka kwenye darsa hizo ukakua Msikiti wa Riyadha kule Langoni, ambao mpaka leo wanafunzi huja kutoka mbali. Aliacha nafasi katika duara. Hapa Mombasa Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui aliona kwamba watu wanasomewa kwa Kiarabu wasichokifahamu, akaanza mwaka 1930 kutoa gazeti dogo, Sahifa, kwa Kiswahili, na mwaka 1932 akatoa Al-Islah. Baadaye, tangu 1937 mpaka alipofariki 1947, akawa Kadhi Mkuu wa Kenya. Naye pia alisogea ili wengine wakae. (Najua wapo watakaosema hawa masheikh wawili hawakuwa na njia moja katika kila jambo. Ni kweli. Na ndiyo sababu nimewataja pamoja.)

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe.

Tafuta watu watano. Wakifika sita au saba, sawa. Wakizidi kumi, gawanyeni, hata kama mnapendana sana, kwani una muda wa saa moja na kila mdomo lazima ufunguke. Katika hadithi ya Muslim juu ya watu wanaokusanyika kusoma Kitabu cha Mwenyezi Mungu, ambao utulivu huwashukia na malaika huwazunguka, Mtume (S.A.W.) hakutaja mtu mmoja anayesema na wengine wanaosinzia. Alitaja watu wanaosomeshana wao kwa wao. Neno letu hili "darsa" mzizi wake ni huo huo. Na katika hao watano, mmoja asiwe rafiki yako. Mtafute yule unayemwona msikitini kila siku na hujawahi kumjua jina.

Muda mzuri ni baina ya Magharibi na Isha. Sisi tuko karibu na Ikweta, muda huo ni kama saa moja na dakika kumi hivi mwaka mzima, haupungui wala hauongezeki sana. Ndugu zetu walioko Uingereza hawana neema hiyo, wakati wa kiangazi Isha yao inaingia watu wamelala. Tena adhana ya Isha ni mlinzi mzuri: ikilia, mnafunga msahafu, hata kama msemaji ndiyo kwanza amepata moto. Duara lisilokuwa na mwisho watu hulikimbia. Kila mmoja ana mke, ana mama, ana kazi ya Alfajiri.

Mara moja kwa wiki yatosha. Najua vijana mkiwashwa mnataka kila siku! Abdullah bin Mas'ud, sahaba mkubwa, alikuwa akiwaidhi watu siku ya Alhamisi tu. Mtu mmoja akamwambia laiti ungetuwaidhi kila siku. Akakataa, akaeleza kwamba hapendi kuwachosha, na kwamba Mtume mwenyewe alikuwa akiwachagulia nyakati kwa kuchelea wasichoke. Ikiwa masahaba walichelewa kuchoshwa, wewe na mimi je?

Msome nini? Kidogo. Imepokewa kutoka kwa tabiina Abu Abdirrahman As-Sulami kwamba masahaba waliowasomesha walikuwa wakijifunza aya kumi, hawazivuki mpaka wajue maana yake na wazitende. Mimi napenda kuanza na hiyo hiyo Suratul Hujurat iliyonishinda. Ina aya 18. Chukueni aya tatu kila wiki, wiki sita mtakuwa mmemaliza, yaani mfungo mosi wote na karibu nusu ya mfungo pili. Mna habari za kupeleleza taarifa kabla ya kuzieneza, za kupatanisha wanaogombana, za dhana mbaya na kusengenyana, na za makabila, kwamba tumeumbwa mataifa na makabila ili tujuane. Kwa kijana wa Kenya mwenye simu mkononi na uchaguzi kila baada ya miaka mitano, sioni sura iliyo karibu zaidi.

Anayeweza asome Kiarabu. Asiyeweza asome sura anayoijua kwa moyo, au asikilize, na hakuna kusahihishana mbele ya watu ila kwa aliyeomba asahihishwe. Msomaji mwingine asome tafsiri. Alhamdulillah hatuna shida ya vitabu kama wazee wetu. Sheikh Abdullah Saleh Farsy, naye alikuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, ametuachia Qurani Takatifu iliyochapishwa na Islamic Foundation ya Nairobi mwaka 1969, na humo chini ya aya mna maelezo. Sheikh Ali Muhsin Al-Barwani naye ana tafsiri yake. Wekeni zote mbili katikati, na pale zinapotofautiana kwa neno, msigombane: andikeni.

Hili la kuandika ni muhimu. Nunueni daftari la shilingi chache. Kila swali mlilolishindwa liingie humo, na mara moja kwa mwezi daftari lipelekwe kwa sheikh mnayemwamini. Duara si mahakama ya Kadhi. Akija mtu na habari ya talaka, au ya urithi wa shamba la babu yake, msimkatie hukumu vijana nyinyi mliosoma wiki sita. Mwambieni "hatujui, tutauliza." Neno "sijui" lina baraka kubwa katika duara, na mwenye kulisema wa kwanza awe kiongozi. Vile vile kuna mambo ya kuyaweka kando mwaka wa kwanza: qunuti ya Alfajiri, maulidi, mwezi wa hapa au mwezi wa Makka. Wanavyuoni wameyazungumza kwa karne nyingi hayakwisha, na nyinyi hamtayamaliza kabla ya Isha. Nimeona duara zuri sana likivunjika kwa mwezi mwandamo.

Jingine lililovunjika nililiona kwa chakula. Ndiyo, chakula. Lilikuwa likizunguka nyumba kwa nyumba. Wa kwanza akatoa chai na mahamri. Wa pili akaona aibu, akaongeza viazi karai. Wa tatu akaleta kuku. Ilipofika kwa wa tano, bwana huyu analipwa kibarua kwa siku, na mkewe akakopa ili asiaibike mbele ya wageni. Zamu yake ya pili ilipokaribia akawa "mgonjwa", na ugonjwa wake ukaambukiza wengine. Basi wekeni sharti tangu siku ya kwanza: maji, kahawa, na tende zikipatikana. Aliye na kuku amle na watoto wake, kuna thawabu humo pia.

Simu ziwekwe kwenye kikapu. Kundi la WhatsApp lina faida ya kupasha habari, "leo tuko kwa fulani", lakini lisije likawa ndilo darsa. Utakuta kundi lina watu 80 wanaotumiana picha za maua na dua, na mkekani wako watatu.

Uongozi uwe wa zamu. Hapa ndipo sisi tulipokosea, kunifanya mimi kiongozi wa daima. Aliyepewa zamu hujiandaa, na aliyejiandaa haachi kuja. Hata kama ni fundi wa baiskeli, apewe aya zake tatu wiki moja kabla, aende akaulize, arudi na alichokipata. Utashangaa. Na kwa wale wanaofanya kazi kwa shifti, wa bandarini, wa hotelini, walinzi wa usiku, msikate tamaa. Sayyidna Umar alikuwa akikaa sehemu za juu za Madina, mbali kidogo, na alikubaliana na jirani yake wa Kiansari: siku moja ateremke huyu kwa Mtume, siku moja ateremke yule, na aliyeteremka amletee mwenzake habari za wahyi wa siku hiyo. Wawili wenye shifti tofauti wanaweza kushika nafasi moja katika duara. Tena wataisoma mara mbili.

Na asiyeonekana atafutwe. Mkabidhini mmoja kazi hii kila wiki. Akikosekana mtu mara moja, apigiwe simu. Akikosekana mara mbili, mtu aende nyumbani kwake. Lakini usiende kama askari. Usimuulize "mbona huji?" Muulize hali yake, mama yake anaendeleaje, kazi imekwendaje. Mara nyingi utakuta ana shida ambayo ninyi watano mngeweza kuimaliza kwa jioni moja. Kama ni haya iliyomfukuza, hatakuambia. Ataona tu kwamba umekuja.

Sasa, mzazi unayesoma, wewe nina neno lako. Najua unaogopa. Ukisikia mwanao yuko na vijana wenzake chumbani wanasoma dini, moyo unaruka. Tangu Westgate mwaka 2013, na zaidi tangu shambulizi la Chuo Kikuu cha Garissa tarehe 2 Aprili 2015, ambapo waliuawa watu 148 wengi wao wanafunzi, hakuna mzazi Mwislamu Kenya ambaye hajajiuliza mwanangu anasomeshwa na nani. Wengine mnaogopa pia upande wa pili, kwamba mwanao atashukiwa bure kwa sababu ya ndevu na msahafu. Hofu hizo mbili ni za haki, sizicheki.

Lakini kumzuia hakutoshi, maana asiyepata duara la wazi ataalikwa kwenye la siri. Kwa hiyo vijana, mlango uwe wazi. Imamu wa mtaa ajue mnakutana wapi na mnasoma nini. Baba wa yeyote anaweza kuingia bila kubisha, akaketi, akanywa kahawa. Na akija mtu, hata awe na elimu kama bahari, akawaambia msiwaeleze wazazi wenu, au akaanza kuwatoa Waislamu wengine katika Uislamu, au akataka kumchukua mmoja wenu pembeni peke yake, huyo si wa duara lenu. Mfikisheni kwa wazee siku hiyo hiyo. Atakuambia: "Mbona nyumba ya Al-Arqam ilikuwa ya siri?" Mjibu kwamba wale walijificha kwa sababu waliteswa kwa kusema La ilaha illallah. Wewe unaisikia ikisemwa kwa spika mara tano kwa siku, mpaka jirani asiyekuwa Mwislamu anajua saa kwayo. Unajificha nani?

Kina dada walinikumbusha siku ile, na walikuwa na haki, kwamba nilisema kana kwamba mkeka ni wa wanaume. Wanawake wa Madina walimwendea Mtume (S.A.W.), wakamwambia wanaume wametushinda kwako, tupe siku yetu. Akawapa, akawasomesha. Nimeona maduara ya kina mama yaliyoishi miaka kumi, ilhali ya wanaume yamekufa na kuzikwa mara nne. Siri yao, nilipouliza, ni kwamba wao humtembelea aliyejifungua na aliyefiwa kwanza, kusoma kunafuata. Na nyumbani kwako wewe baba, wewe mama, fungeni televisheni robo saa baada ya Isha. Aya tatu. Mtoto wa darasa la nne asome tafsiri kwa sauti, na nyanya aseme anavyoelewa. Hilo nalo ni duara.

Mmoja aliniuliza siku ile, je, ukimpata yule makanga leo utafanyaje? Namba yake niliichukua kwenye feri. Nilimpigia baada ya sisi kuanza upya, tukiwa watano. Akasema siku hizi anakaa mbali, gari lake linalala Mtwapa, lakini insha Allah. Hajaja bado. Tukikaa, huwa tunaacha pengo upande wa mlangoni. Mwezi uliopita aliingia kijana mwingine kabisa, mpiga rangi, mikono bado ina chokaa, akakaa pale pale bila kuuliza.

Tunakutana Alhamisi ya kwanza baada ya Idd, insha Allah, mara tu baada ya sunna ya Magharibi, pembe ya kushoto ya msikiti karibu na makabati ya viatu. Kina dada wamepanga Jumamosi baada ya Alasiri. Ukija umechelewa usikae nyuma.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.